Kupima ukomavu wa parachichi la Hass kwa mashine ya infraredi: mwongozo kamili, kuanzia kwenye oveni hadi shambani

Kukomaa si kuiva. Parachichi hukomaa likiwa mtini, lakini huiva baada ya kuchumwa. Likichumwa kabla ya kukomaa, halitaiva vizuri hata ulipe muda gani: litanywea shingoni, nyama itakuwa kama mpira, na mlaji atalitupa. Ubaya ni kwamba kwa macho hulijui. Hass changa ya gramu 200 na Hass iliyokomaa ya gramu 200 ni kijani kilekile na ugumu uleule. Dalili moja ya shambani inayoaminika ni ganda la kokwa kugeuka kahawia na kuwa jembamba kama karatasi, ila ili uione lazima upasue tunda.

Ndiyo maana soko huuliza namba moja, yaani mada kavu: sehemu ya nyama ya tunda inayobaki baada ya maji yote kukaushwa, ikihesabiwa kwa asilimia. Kadiri parachichi linavyokomaa, maji hupungua na mafuta huchukua nafasi yake, kwa hiyo ukishayajua maji umekaribia kuyajua mafuta bila kuyakamua. Kiwango cha Codex (tume ya kimataifa ya viwango vya chakula), CXS 197, kinataka angalau asilimia 21 kwa aina ya Hass na 20 kwa aina ya Fuerte. California wanatumia 20.8 kwa Hass. Wapo wanunuzi wa Ulaya wanaoandika 23 au zaidi kwenye mkataba, kwa sababu tunda linalosafiri wiki kadhaa baharini kutoka Mombasa halina nafasi ya kubahatisha.

Mashine ya mkononi ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, inakupa namba hiyo ndani ya sekunde chache bila kulikata tunda. Unaweza kupima tunda likiwa bado mtini na kulirudia wiki ijayo. Lakini mashine hiyo haipimi mada kavu. Inapima mwanga, kisha inakisia mada kavu kwa kufuata ilivyofundishwa. Mwalimu wake ni oveni na mizani yako. Oveni ikikosea, mashine itakosea vilevile, tena kwa haraka na kwa kujiamini. Mwongozo huu unatumia muda mwingi kwenye oveni kwa sababu hiyo.

Mwanga unafanya nini ndani ya tunda

Mashine ina taa ndogo ya halojeni inayomulika ganda. Sehemu ya mwanga huingia kwenye nyama, huzungukazunguka humo, kisha hutoka na kunaswa na kihisi kinachoupanga kwa urefu wa mawimbi. Maji hunyonya mwanga kwa nguvu karibu na nanomita 970, kutokana na vifungo vya oksijeni na hidrojeni. Mafuta hunyonya karibu na nanomita 930, kutokana na vifungo vya kaboni na hidrojeni. Maeneo hayo mawili yanaingiliana, kwa hiyo huwezi kusoma namba moja tu ukaridhika. Unahitaji umbo zima la mchirizo, yaani spektra.

Mashine nyingi za matunda hufanya kazi kati ya nanomita 700 na 1,100. Hapo mwanga unaweza kupenya milimita kadhaa hadi sentimita moja au zaidi ndani ya nyama. Ukivuka 1,100 na kuingia kwenye eneo la 1,450 ambako maji hunyonya sana, mwanga huishia karibu na ganda tu. Kwa unga au chakula cha mifugo kilichosagwa hilo si tatizo. Kwa parachichi lenye ganda nene ni tatizo kubwa. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza mashine inasoma kuanzia nanomita ngapi hadi ngapi, na taa na kihisi vimepangwaje. Mpangilio unaofaa kwa tunda zima ni ule ambao kihisi hakioni mwanga ulioruka juu ya ganda moja kwa moja, kinaona tu ule uliopita ndani.

Je, unaihitaji kweli?

Mashine hizi huuzwa kwa maelfu ya dola. Chama cha ushirika kinachopima matunda kumi kwa wiki hakihitaji mashine. Kinahitaji mizani nzuri na oveni, au hata maikrowevu. Mashine inaanza kulipa pale unapopima mashamba mengi kwa siku moja, unapotaka kujua mtofautiano wa tunda kwa tunda, au unapotaka kufuatilia mti uleule wiki hadi wiki. Na hata ukiinunua, oveni haiondoki. Anayekuambia utaitupa oveni hajawahi kuitunza modeli (hesabu inayogeuza mwanga kuwa mada kavu) kwa misimu miwili.

Vifaa vya upande wa oveni

Mizani iwe ya kusoma gramu 0.01. Hapa usibane matumizi. Kipande utakachokausha kina uzito wa gramu tano au sita, na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja itakupa jibu lisilo na maana.

Oveni iwe ya feni, inayoshika joto moja. Nunua kipimajoto kando, uweke katikati ya rafu, na ulinganishe na namba ya mlangoni. Kutofautiana nyuzi tano si ajabu.

Utahitaji pia bomba la kukatia lenye kipenyo cha milimita 25 hadi 27 na ukingo mkali, kimenyeo cha viazi, visahani vya alumini vilivyoandikwa namba kwa kukwaruzwa (wino hufutika kwenye joto), desiketa au boksi linalofunga vizuri lenye jeli ya silika, kalamu ya kuandikia juu ya ganda, kipimajoto cha kuchoma cha jikoni, na vitambaa laini. Daftari la karatasi liwepo hata kama una kompyuta.

Hatua ya kwanza: kuchagua matunda ya kufundishia

Modeli hujua tu ilichokiona. Ukiifundisha kwa matunda ya Njombe ya mwezi Aprili pekee, itasoma vizuri Njombe mwezi Aprili, na itayumba ikipelekwa Rungwe au Murang'a. Anza na matunda 120 hadi 150, lakini idadi si muhimu kama upana. Chukua mashamba sita au zaidi, ya mwinuko tofauti, miti ya umri tofauti, yanayomwagiliwa na yanayotegemea mvua. Panga uchumaji mara nne au tano ndani ya msimu, kuanzia kabla hata ya kukomaa.

Wengi hukosea hapo mwisho. Huchuma matunda mazuri ya kuuza, yote yakiwa kati ya asilimia 23 na 27, kisha hushangaa mashine inapolisoma tunda changa la asilimia 18 kuwa 22. Chuma makusudi machanga na yaliyopitiliza, uwe na matunda kuanzia asilimia 16 au 17 hadi zaidi ya 30. Matunda ya katikati yakijazana kupita kiasi, modeli hujifunza kwamba jibu salama ni wastani.

Usichanganye Hass na Fuerte kwenye modeli ya kwanza. Ganda la Hass ni nene na lenye vipele. La Fuerte ni laini na jembamba. Mwanga unapita tofauti kabisa.

Matunda yawe magumu, yaliyochumwa ndani ya saa 24. Acha yaliyoungua na jua, yenye makovu makubwa au alama za wadudu mahali utakapopimia.

Hatua ya pili: kusoma kwa mashine

Washa mashine na uiache ipate joto kwa muda uliotajwa kwenye kijitabu chake. Kama haujatajwa, ipe dakika 20. Taa ya halojeni ambayo bado inapata joto hubadilika rangi ya mwanga wake, na mabadiliko hayo yataonekana kwenye spektra kana kwamba tunda ndilo lililobadilika.

Soma kigae cheupe cha rejea, kisha giza, yaani taa ikiwa imezimwa au mdomo umefunikwa. Rudia kila baada ya dakika 20 hadi 30, na kila joto la chumba linapobadilika. Kigae kikiguswa na kidole chenye mafuta ya parachichi, namba zote zinazofuata zimeharibika, kwa hiyo kifute kwa kitambaa kikavu kisicho na manyoya na ukihifadhi kimefunikwa.

Futa tunda. Vumbi na mabaki ya dawa ya shaba hutawanya mwanga, na umande hujionyesha kama maji. Chora duara dogo kwenye mkanda wa katikati wa tunda, pande mbili zinazotazamana. Usipime karibu na kikonyo wala kitakoni. Mada kavu hailingani tunda zima, na shingo ina mkunjo unaoacha upenyo wa mwanga.

Bandika mdomo wa mashine juu ya duara hadi usione mwanga unaovuja pembeni. Soma mara tatu, ukiinua na kubandika upya kila mara. Spektra tatu za mahali pamoja zilaliane karibu kabisa. Moja ikipanda juu ya nyingine, mdomo haukukaa sawa. Ifute usome tena. Ukiona kilele cha mchirizo kimekatwa bapa, kihisi kimezidiwa na mwanga, kwa hiyo punguza muda wa kukusanya mwanga. Ukiona mchirizo unatetemeka kama meno ya msumeno, mwanga ni mdogo, uongeze muda huo. Ukishaupata muda unaofaa usiubadilishe ovyo.

Choma kipimajoto kwenye tunda, mbali na duara, uandike joto la nyama. Joto hulegeza vifungo kati ya molekuli za maji, na kilele cha maji husogea. Tunda la nyuzi 8 lililotoka chumba baridi na tunda la nyuzi 28 lililotoka shambani, hata kama ni mapacha, hutoa spektra mbili tofauti. Dawa yake ni kuifundisha mashine joto hilo. Chukua matunda 30 hivi, uyasome yakiwa baridi, kisha ya kawaida, kisha yenye joto, na masomo yote matatu ya kila tunda uyape jibu moja la oveni. Modeli itajifunza kupuuza joto. Tazama tu yasitoe jasho: tunda baridi likiletwa chumba cha joto hufunikwa na maji, na ukisoma hapo unasoma umande.

Hatua ya tatu: oveni, bila haraka

Kata pale pale uliposoma. Si upande wa pili, si tunda zima lililosagwa. Mwanga umeona nyama iliyo chini ya duara, na jibu la oveni litoke kwenye nyama hiyohiyo.

Sukuma bomba la kukatia katikati ya duara, toa kipande, kimenye ganda pamoja na utepe wa kijani ulioshikana nalo, kisha punguza urefu kibaki milimita 10. Kipande cha kipenyo cha milimita 27 na unene huo kina gramu tano na kitu. Kikate tena vipande vyembamba vya milimita mbili au tatu juu ya kisahani chake, maana donge nene hukauka nje na kufungia maji ndani.

Hesabu inakwenda hivi. Kisahani kitupu ni gramu 2.31. Kisahani na nyama mbichi ni gramu 8.05, kwa hiyo nyama mbichi ni 5.74. Baada ya kukauka, kisahani na nyama ni gramu 3.74, kwa hiyo nyama kavu ni 1.43. Gawanya 1.43 kwa 5.74, unapata asilimia 24.9.

Sasa tazama kinachotokea mtu akikata vipande ishirini, akavipanga mezani, ndipo aanze kupima uzito. Feni inazunguka darini, vipande vinapoteza maji. Kipande chetu kikipoteza gramu 0.10 tu kabla ya kufika kwenye mizani, uzito mbichi utaandikwa 5.64, na jibu litakuwa asilimia 25.4. Tunda halijabadilika, ila namba imepanda karibu nusu pointi. Na vipande vya mwisho vimekaa muda mrefu kuliko vya kwanza, kwa hiyo kosa linakua kadiri meza inavyoendelea. Kata kimoja, pima kimoja, andika, ndipo ushike kinachofuata. Ni utaratibu wa kuchosha, lakini hakuna hesabu ya kompyuta inayoweza kurekebisha kosa hili baadaye.

Kausha kwa nyuzi 65 kwa saa 48 hadi 72. Maabara nyingine hutumia nyuzi 103 au 105 kwa muda mfupi zaidi. Hilo pia linafaa, ila chagua moja usibadilishe katikati ya msimu, kwa sababu njia mbili hazitoi jibu lilelile kabisa. Saa pekee zisikudanganye. Pima uzito, rudisha kwenye oveni kwa muda wa saa nne, pima tena. Tofauti ikizidi gramu 0.02, bado. Oveni iliyojazwa hadi mlangoni huchukua muda mrefu zaidi, na rafu ya chini huchelewa.

Ukitoa visahani, viweke kwenye desiketa vipoe kwanza. Kisahani cha moto juu ya mizani husukuma hewa juu na kuonekana chepesi, na nyama kavu iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa, hasa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam.

Kwa tunda moja kati ya kila kumi, gawa kipande mara mbili, ukaushe kila nusu kwenye kisahani chake. Tofauti kati ya nusu hizo ndiyo kipimo cha uaminifu wa mwalimu wako. Chukua kila tofauti, ipandishe kwenye kipeo cha pili, jumlisha zote, gawanya kwa mara mbili ya idadi ya jozi, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo. Ukipata pointi 0.3 au 0.4, kazi yako ya oveni ni nzuri. Ukipata pointi 1.2, usiendelee. Rudi kwenye mizani, kwenye muda wa kukausha, au kwa mtu anayekata.

Hatua ya nne: kujenga modeli

Mashine nyingi huja na programu yake ya kujengea modeli, na ukipenda unaweza kutumia lugha za kompyuta kama Python yenye kifurushi cha scikit-learn au R yenye kifurushi cha pls. Zote ni za bure. Kila mstari wa jedwali uwe upande mmoja wa tunda: namba ya tunda, upande, shamba, tarehe, joto, mada kavu ya oveni, kisha safu za spektra.

Badilisha mwanga uliorudi uwe ufyonzaji, yaani logi ya 1 gawanya kwa sehemu ya mwanga iliyorudi. Kisha chukua derivativu ya pili, yaani kipimo cha jinsi mchirizo unavyopinda, kwa njia ya kulainisha iitwayo Savitzky-Golay. Kazi yake ni kuondoa mpando na mteremko wa jumla unaotokana na ukubwa wa tunda na vipele vya ganda, na kuacha vilele vyenyewe. Anza na dirisha la nanomita 720 hadi 980. Usishuke chini ya 700: karibu na 680 ni klorofili inayonyonya, na modeli itajifunza rangi ya ganda badala ya maji. Itaonekana nzuri sana mwaka huu, kisha mwakani mvua zikichelewa na rangi ikabadilika, itaanguka.

Hesabu yenyewe ni ile inayoitwa PLS (partial least squares). Inafupisha mamia ya safu za spektra kuwa vipengele vichache vinavyofuata mada kavu. Swali ni vipengele vingapi. Vichache mno, modeli ni butu. Vingi mno, inakariri makosa ya sampuli zako. Kwa parachichi, vinne hadi vinane kwa kawaida vinatosha. Chora kosa dhidi ya idadi ya vipengele, na usimame pale kosa linapoacha kushuka kwa maana. Ukisita kati ya sita na saba, chukua sita.

Kuna mtego mmoja hapa unaoharibu kazi nyingi, hata zile zinazofanywa na wasomi. Ili kuijaribu modeli unatoa baadhi ya sampuli, unajenga kwa zilizobaki, unakisia zilizotolewa. Programu ikiachiwa ichague yenyewe, itatoa mistari ovyoovyo, na upande mmoja wa tunda utabaki ndani wakati upande wa pili unajaribiwa. Modeli tayari imeshamwona pacha wake. Jaribio hilo ni sawa na kumpa mwanafunzi majibu kabla ya mtihani. Toa tunda zima, na zaidi ya hapo, toa shamba zima au siku nzima ya uchumaji kwa pamoja. Kwenye scikit-learn kuna GroupKFold kwa kazi hiyo hasa. Kosa litapanda, na hiyo ndiyo picha halisi.

Kisha lete matunda 30 hadi 40 ya shamba ambalo modeli haijawahi kuliona, uyasome, uyakaushe. Namba utakazopata hapo ndizo za kuwaambia watu. Kwa mashine ya mkononi na parachichi zima, kosa la wastani la pointi 1 hadi 2 ni la kawaida. Ukiona 0.3, shuku; mwanafunzi hawezi kuonekana sahihi kuliko oveni iliyomfundisha, ambayo yenyewe ina kosa la 0.4. Tena usitazame R² peke yake, yaani ile namba inayoonyesha makisio yanafuata majibu ya oveni kwa kiasi gani. Inapanda kila unapoongeza matunda yenye mada kavu ya chini sana au ya juu sana, hata kama kosa halijapungua hata kidogo. Gawanya mtawanyiko (standard deviation) wa mada kavu ya matunda yako kwa kosa la modeli: mtawanyiko wa 3.5 kwa kosa la 1.4 ni 2.5, na hapo mashine inaweza kutenganisha shamba lililokomaa na changa. Ukipata 1.2, hakuna tofauti kubwa na kukisia wastani kila mara.

Hatua ya tano: kuamua shambani

Tunda moja halisemi lolote kuhusu shamba. Chukua angalau 20 kutoka miti tofauti, pande zenye jua na kivuli, matawi ya chini na ya juu. Zungushia mdomo wa mashine kitambaa cheusi kama haina kinga ya jua, maana jua nalo lina infraredi nyingi.

Tuseme mnunuzi anataka wastani wa 23. Matunda ya shamba yanatofautiana kwa mtawanyiko wa pointi 2, na mashine ina kosa la 1.4 kwa kila tunda. Vikichanganywa ni takriban 2.4, na wastani wa matunda 20 unayumba kwa 0.55. Mara mbili ya hapo ni 1.1, na huo ndio upana wa wasiwasi wetu. Ukisoma wastani wa 23.6, huwezi kusema kwa uhakika shamba limevuka 23. Ukipima matunda 80, wasiwasi unashuka hadi karibu 0.55, na 23.6 inapita kwa wembamba. Matunda 80 ni kazi ya saa moja kwa mashine. Kwa oveni ni siku tatu na matunda 80 yaliyokatwa. Hapa ndipo mashine inapolipa gharama yake.

Ripoti pia ni matunda mangapi yako chini ya kiwango. Wastani wa 24 unaweza kuficha matunda ya 19 yaliyotokana na ua la pili la msimu, na ndiyo hayo yatakayonywea safarini. Kwenye miti iliyotoa maua mara mbili, pima kila kizazi peke yake. Matunda yake huonekana karibu sawa yakiwa mikononi.

Kosa ambalo wingi wa matunda hauliponyi

Kupima matunda mengi kunapunguza kosa la kubahatisha. Hakupunguzi mkengeuko wa kudumu, yaani mashine inaposoma juu au chini kwa kila tunda. Taa imezeeka, kigae kimechafuka, msimu umebadilika, balbu imebadilishwa: kila moja inaweza kuleta mkengeuko huo, na kwenye skrini hakuna kitakachowaka kukuonya.

Kwa hiyo kila mwezi wa msimu, na kila unapoingia eneo jipya, chukua matunda 20, uyasome, uyakaushe, utoe jibu la oveni kwenye jibu la mashine. Mfano: wastani wa tofauti ni +1.1, na mtawanyiko wa tofauti hizo ni 1.3. Gawanya 1.3 kwa kipeuo cha pili cha 20, unapata 0.29. Tofauti ya 1.1 ni karibu mara nne ya hapo, basi si bahati mbaya. Mashine inasoma juu. Chora jibu la mashine dhidi ya la oveni. Nukta zikisogea zote kwa pamoja sambamba na mstari, toa 1.1 kwenye kila jibu na uandike tarehe ya marekebisho. Zikiwa zimepinda, za chini zikisomwa juu na za juu zikisomwa chini, kutoa namba moja hakutasaidia. Ongeza matunda hayo kwenye kundi la kufundishia na ujenge modeli upya.

Modeli haihamishwi kutoka mashine moja hadi nyingine kama picha ya simu. Mashine mbili za aina moja kutoka kiwanda kimoja hutofautiana kidogo kwenye mpangilio wa mawimbi, na kidogo hicho kinatosha kuleta pointi moja au mbili. Ukinunua ya pili, soma matunda yaleyale 20 kwa zote mbili siku hiyohiyo kabla ya kuipeleka shambani. Ukibadilisha balbu, ichukulie kama mashine mpya.

Betri ikishuka, taa hufifia kabla mashine haijazima. Chaji asubuhi, na upime kigae mara nyingi zaidi jioni.

Usiitumie kwa hili

Mashine haioni mabaki ya viuatilifu na haiwezi kutoa cheti cha usalama wa chakula. Wanaofanya kazi na nafaka hukutana na ahadi kama hiyo kwa sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu. Infraredi hupima vizuri unyevu wa mahindi, ambao kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 2, kimeuwekea ukomo wa asilimia 13.5, na hupima vizuri protini. Tume ya Nafaka ya Kanada ilianza kuitumia kwa protini ya ngano mwaka 1975. Lakini aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu hizo, hudhibitiwa kwa sehemu 10 katika bilioni. Kiasi hicho ni kidogo mno kuonekana kwenye mwanga huu; kinachoonekana ni dalili za ukungu, na punje inaweza kuwa na sumu bila dalili. Hapo tumia vipimo vya maabara.

Kwa kila shehena, weka kumbukumbu ya namba ya mashine, toleo la modeli, tarehe ya ukaguzi wa mwisho wa oveni na mkengeuko uliopatikana, joto la matunda, idadi ya matunda, wastani, na asilimia ya yaliyo chini ya kiwango. Mnunuzi akilalamika wiki sita baadaye kwamba kontena lilikuwa na matunda machanga, karatasi hiyo itaonyesha kama tatizo lilikuwa kwenye uchumaji, kwenye kipimo, au kwenye baridi ya safarini.